Hataza ni nini, na inamlinda fundi wa Katwe kiasi gani?

Ukiingia Katwe, pale Kampala, siku yoyote ya kazi, nyundo utazisikia kabla ya kuziona karakana. Mafundi wa hapo hutengeneza mashine za kusaga karanga, za kukatakata majani ya ng'ombe, za kufyatua matofali na za kupukuchua mahindi. Muulize mmoja wao kama mashine yake ina hataza, na huenda akakujibu kwamba ndiyo, kampuni imesajiliwa. Si ajabu kuchanganya mambo hayo mawili, kwani majina ya biashara husajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya usajili, na maombi ya hataza hupelekwa URSB hiyohiyo. Lakini jina la biashara hulinda jina tu. Mashine iliyo nyuma ya jina hilo inaweza kunakiliwa kesho asubuhi, kihalali kabisa.

Hataza, ambayo wengi huiita patenti, ni haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie, wasiuze wala wasiingize nchini uvumbuzi wako bila ruhusa yako. Uganda haki hiyo hudumu miaka 20, kuanzia siku ulipowasilisha ombi. Hiyo ni haki ya kuzuia tu, si kibali cha kuuza. Matibabu, kifaa cha Brian Gitta na wenzake cha kupima malaria bila kutoa damu, kilishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2018. Kifaa cha namna hiyo lazima kipite kwenye majaribio ya kitabibu, na hataza haipunguzi hata hatua moja ya safari hiyo.

Haki hiyo haitolewi bure. Mvumbuzi anatakiwa aeleze kwa maandishi na michoro jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, kwa ukamilifu wa kumwezesha fundi mwingine kukitengeneza. Muda ukiisha, maelezo yale ni mali ya kila mtu. Anayetaka kuficha siri yake milele asiombe hataza.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2014 inataka uvumbuzi uwe mpya, usiwe jambo ambalo mjuzi wa kazi ile angeliona wazi, na uweze kutumika kiwandani, kilimo kikiwemo. Upya huo unapimwa kwa dunia nzima. Ikiwa kitu kilichapishwa Brazil miaka 30 iliyopita, basi si kipya, hata kama hakuna aliyewahi kukiona Mbale. Kanuni za hisabati, mbinu za kufanyia biashara na njia za kutibu wagonjwa haziingii kabisa.

Sehemu ya ombi yenye uzito kuliko zote ni madai, na ndiyo ambayo wavumbuzi wanaojitegemea huifanya kwa haraka. Maelezo yanaweza kujaza kurasa 20, lakini kinacholindwa ni kile kilichoandikwa kwenye madai tu. Tuseme fundi amechoka kuona mashine za kupukuchua zikivunja punje za mahindi. Anachukua tairi kuukuu, anakata vipande na kuvivika juu ya meno ya chuma ya silinda. Punje zinatoka nzima. Sasa anaandika dai: “Mashine ya kupukuchua mahindi yenye silinda ambayo meno yake yamevikwa mpira wa tairi.” Jirani yake analisoma, anavika meno ya mashine yake mkanda wa turubai, na anaendelea na biashara. Mpira wa tairi ndio uliodaiwa, na yeye hajautumia.

Dai lingesema “meno yaliyovikwa kitu laini kinachonyumbuka,” jirani angekuwa na kazi ngumu zaidi. Lakini likipanuliwa mno, mtahini anayekagua ombi ataibua mashine ya zamani iliyokwisha kufanya jambo hilohilo, na dai litaanguka. Wakala mzuri, yaani mtaalamu wa kuandaa maombi ya hataza, huanza na dai pana, kisha huweka chini yake madai membamba: kitu laini, halafu mpira, halafu mpira wa unene fulani. La juu likibomoka, la chini linaweza kusimama. Kwa maoni yangu, mwenye fedha kidogo afadhali azitumie kumlipa mwandishi hodari wa madai kuliko kung'arisha sampuli ya maonyesho.

Hata watu maarufu wamenaswa hapo. Mwingereza Trevor Baylis alibuni redio ya kuzungushwa kwa mkono mapema miaka ya 1990, baada ya kutazama kipindi kuhusu UKIMWI barani Afrika. Redio yake ilitengenezwa Cape Town na kuwafikia watu wasio na umeme. Baadaye kampuni aliyoshirikiana nayo ilibadilisha muundo: badala ya springi kuzalisha umeme wa redio moja kwa moja, ikawa inachaji betri. Kwa badiliko hilo tu, Baylis alipoteza usemi juu ya bidhaa yake mwenyewe.

Kazi nyingi za Katwe ni maboresho madogo, na pengine hazitafika kiwango cha hataza. Kwa hizo kuna cheti cha modeli ya matumizi. Masharti yake ni mepesi, kwani hakidai ule ugumu wa kutoonekana wazi kwa mjuzi, na hudumu miaka 10. Nashangaa hakizungumzwi zaidi.

Kuna kosa moja ambalo kulirekebisha ni shida. Ukionyesha mashine kwenye maonyesho ya Lugogo, ukaiweka TikTok au ukaiuza kabla ya kuwasilisha ombi, unaweza kuwa umeua upya wake kwa mikono yako mwenyewe. Nchi nyingine humpa mvumbuzi muda wa huruma wa kuomba baada ya kujionyesha, nyingine hazimpi hata siku moja. Peleka ombi kwanza, ndipo ujitangaze. Kama umeajiriwa, soma pia mkataba wako: kilichobuniwa kazini kwa kawaida ni cha mwajiri, hata kama wazo lilikujia bafuni.

Hataza ya Uganda inaishia mpakani. Tangu siku ya ombi la kwanza una miezi 12 ya kuomba kwingine bila kupoteza tarehe ya ombi hilo. ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la mali ya ubunifu lenye makao Harare, hupokea ombi moja linalotaja nchi kadhaa wanachama. Kila nchi inaongeza gharama, na ada za kila mwaka zisipolipwa haki hufa kabla ya wakati wake. Wala hakuna polisi wa hataza; ukinakiliwa, unashtaki mwenyewe. Mmarekani Robert Kearns aliomba hataza ya waipa za gari zinazopangusa kwa vituo mwaka 1964, akaishtaki Ford mwaka 1978, na malipo ya dola milioni 10.2 yalikuja mwaka 1990.

Upande wa pili wa jambo hili ni neema kwa fundi. Seng'enge ya mashamba ya ng'ombe huko Ankole inatokana na hataza aliyopewa Joseph Glidden, mkulima wa Illinois, mwaka 1874. Leo yeyote anaweza kuitengeneza. Mamilioni ya hataza, pamoja na michoro yake, yanasomeka bure kwenye hazina za mtandaoni za Google Patents na Espacenet. Ambayo muda wake umeisha, au haikuombwa kabisa Uganda wala kupitia ARIPO kwa kuitaja Uganda, inaweza kutengenezwa Katwe bila kumlipa mtu. Ila ukitaka kuuza Nairobi, hakikisha kwanza kwamba hailindwi Kenya.