"Tupate Mmoja Mwenye Akili Atutawale": Dhana na Ukweli

Kahawa ikizunguka pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, hakosekani wa kusema bunge ni kelele tupu, bora mtawala mmoja msomi, aamrishe, kazi iende. Ulaya ya karne ya 18 iliwapata wa namna hiyo.

Dhana: Mmoja hufanya mambo haraka.
Kweli kabisa. Friedrich II wa Prussia alirithi ufalme mwaka 1740, na wiki haikuisha akapiga marufuku kuwatesa washukiwa, isipokuwa kwa makosa machache mazito. Mwaka huohuo akaivamia Silesia, jimbo la Austria. Na hilo nalo halikuchelewa.

Dhana: Akiwa na nia njema, watu watamshukuru.
Joseph II wa Austria, mwaka 1781, aliwaruhusu Waprotestanti na Waorthodoksi kuabudu, na wakulima waoe, wahame na wajifunze ufundi bila ruhusa ya bwana mwenye ardhi. Hapo nampa heko. Mwaka 1784 akaingia makaburini: maiti wazikwe ndani ya gunia, na jeneza liwe la kutumika tena, lenye mlango chini wa kumteremshia maiti kaburini. Watu wakaja juu, akaiondoa amri mwaka uliofuata. Kwetu jeneza ni la msikiti, hubeba likarudi, maiti akalala na sanda yake, wala hakuna anayeshangaa. Lakini sisi ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakizika. Hatukuamriwa na mtu aliyeketi kasri akipiga hesabu za mbao.

Dhana: Aliyoyajenga yatadumu.
Januari 1790, akiwa mahututi, Joseph mwenyewe alifuta sehemu kubwa ya mageuzi yake Hungaria. Mwezi uliofuata akafa.

Dhana: Mtawala wa namna hii hategemei mtu.
Catherine II wa Urusi aliandika vizuri sana kuhusu sheria na haki. Ila aliwekwa kitini mwaka 1762 na maofisa wa kikabaila, na mwaka 1785 akawapa makabaila hati ya kulinda haki zao. Wakulima wakabaki mali ya mabwana.

Dhana: Lamu tangu kale ni ya masultani.
Hii ndiyo hunikera. Mji huu uliendeshwa na wazee wakikaa Yumbe, nyumba ya baraza lao, makundi ya Zena na Suudi yakipokezana uongozi. Walibishana, bila shaka. Baada ya kuwashinda Mombasa na Pate katika vita vya Shela, mnamo 1812, wakihofia watarudi, walimwomba Sayyid Said wa Oman awalinde. Akaleta liwali na askari. Kisheria Lamu ilibaki milki ya ukoo wake hadi 1963.