Bakteria sugu wa hospitalini, na siku za mpira wa mkojo

"Mwanangu, mwili wangu umeshazoea dawa." Mama mdogo aliniambia hivyo siku ya tisa baada ya kushonwa fistula, tundu kati ya kibofu na uke linalovujisha mkojo. Usiku ule homa ilikuwa imempanda, na mkojo kwenye mfuko ulikuwa mzito, umejaa mawingu. Maneno hayo nayasikia dukani, kwenye daladala, hata wodini, na ndiyo yanayofanya neno "usugu" lieleweke kinyume.

Mwili hauzoei dawa za kuua vimelea. Anayekuwa sugu ni mdudu. Wataalamu wa Tanzania wanaliita jambo hili usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kwa kifupi UVIDA, na jina lenyewe linasema usugu ni wa nani. Wanaokumbuka klorokwini watanielewa upesi. Tanzania ilipoiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ilikuwa inashindwa hata kwa mtoto ambaye hajawahi kuonja kidonge chake kimoja. Mtoto yule angezoea nini? Vimelea alivyopewa na mbu vilikuja vikiwa sugu tayari.

Bakteria nao ni hivyo hivyo, ila wana haraka. E. koli, bakteria anayeishi utumboni, akipata joto na chakula cha kutosha hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Katika kuzaana kwingi namna hiyo hutokea makosa madogo ya vinasaba, na siku moja kosa humpa mmoja wao silaha, labda kimeng'enya kinachoikata dawa kabla haijamdhuru. Dawa ikiingia, wenzake wanakufa, yeye anabaki na nafasi yote. Halafu hugawa silaha hiyo. Kipande kidogo cha vinasaba hutoka kwa bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, hata wa jamii tofauti, kama jirani aliyeazima ufunguo akaenda kuchonga wa kwake.

Hospitalini ndiko dawa hizi zinakomwagwa kwa wingi, sindano za seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, asubuhi na jioni, kitanda hadi kitanda. Wanaonusurika huko ni wale wagumu, na mkono usionawa huwahamisha kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine. Si jambo la leo. Mwaka 1961 madaktari wa Uingereza waliripoti bakteria aitwaye stafilokokasi aliyeishinda methisilini, dawa iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza kutumika. Kwenye mkojo, wasumbufu wakubwa ni E. koli, klebsiela na pseudomonasi.

Sasa kwa nini mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa kuvuja mkojo awajali wadudu hawa kuliko wagonjwa wengine? Upasuaji wenyewe ni wa namna nyingi. Anayevuja akikohoa, akicheka au akinyanyua ndoo anaweza kuwekewa utepe wa nyuzi za plastiki chini ya mrija wa mkojo. Utepe huo ni kitu kigeni kinachobaki mwilini, na bakteria wakiushika kuwatoa ni kazi. Mwenye fistula, mara nyingi baada ya uchungu wa kuzaa uliokwama siku mbili tatu, hushonwa lile tundu. Baada ya hapo kibofu lazima kipumzike ili mshono ushike, na ndipo unapokuja mpira wa mkojo, unaoutoa mkojo kibofuni hadi kwenye mfuko.

Mpira ni wa lazima, nasema mapema ili asitokee mtu wa kuuchomoa mwenyewe. Lakini pia ni daraja. Umewahi kupitisha kidole ndani ya pipa la maji lililokaa wiki bila kusuguliwa? Ule utelezi unaougusa ndio huota ndani ya mpira. Bakteria hujijengea utando, wakakaa chini yake, na dawa huwafikia kwa shida. Kila siku mpira unapokaa, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Mfuko ukiinuliwa juu ya kiuno, mkojo hurudi nyuma na wadudu wake. Wa mama mdogo niliukuta umelazwa kitandani pembeni yake, kwa sababu aliona aibu wageni wauone ukining'inia.

Kwa hiyo siku za mpira si jambo dogo. Kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa fistula walikaa nao wiki mbili au zaidi. Kisha ukafanyika utafiti kwenye hospitali za nchi 8 za Afrika, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo, kwa wanawake 524 wenye fistula zisizo ngumu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: siku 7 zilitosha sawa na siku 14, mshono haukuachia zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza siku 7 hadi 10 kwa fistula za aina hiyo. Ni haki ya mgonjwa kumuuliza nesi, "Dada, mpira wangu unatoka lini?" Fistula ngumu huweza kuhitaji siku zaidi, na daktari atasema kwa nini.

Kuna jambo jingine linalotuponza. Mwenye mpira akipimwa mkojo, bakteria hukutwa mara nyingi hata kama hana homa wala maumivu. Kwa wengi hao, dawa haisaidii. Inachuja wadudu tu, wabaki wale sugu. Lakini homa ikipanda, kama ya mama mdogo, mkojo uoteshwe maabara. Siku mbili tatu baadaye inatoka karatasi yenye orodha ya dawa, mbele ya kila moja herufi. S ni dawa inayomuweza mdudu huyo, R ni ile aliyoishinda.

Karatasi ya mama mdogo ilikuwa na R nyingi kuliko S. Sipro, R. Seftriaksoni, R. Miaka 11 alivyokuwa analowa, kila alikokwenda aliambiwa ni yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo, na vidonge vya sipro alivinunua dukani vinne vinne, kadiri ya hela aliyokuwa nayo. Daktari alibadilisha mpira, akachagua dawa mojawapo kati ya zile zenye S, sindano kwa siku saba. Mshono haukuachia. Ile karatasi ameikunja kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, na popote anapoandikiwa dawa huitoa kwanza, akaiweka mezani.