Kwa Nini Fonti ya Kadi ya Harusi Haisomeki kwa Herufi Kubwa Tupu?

Mteja anayeagiza kadi za harusi mjini Kisumu aghalabu huchagua fonti ya mwandiko wa madaha, ule wa herufi zilizoinama na kushikana, kisha huomba majina ya maharusi yaandikwe kwa herufi kubwa tupu ili yaonekane vizuri. Jina ACHIENG' hugeuka msitu wa vitanzi, na anayealikwa akabaki kuuliza bibi harusi ni nani. Je, kwa nini fonti iyo hiyo huandika "Achieng'" bila taabu?

Sababu imo katika kalamu. Fonti nyingi za aina hii hufuata mwandiko wa walimu wa khati wa Uingereza wa karne za 17 na 18, walioandika kwa kalamu ya unyoya yenye ncha nyembamba iliyopasuliwa katikati. Ikivutwa chini kwa kukandamizwa, ncha hiyo hupanuka na kuacha mstari mnene. Ikipandishwa kwa wepesi, huacha uzi mwembamba. Uzi huo ndio unaotoka kwenye mguu wa herufi ndogo na kupanda hadi kwenye inayofuata, kwa hivyo kila herufi ndogo imeundwa ikitarajia jirani. Herufi kubwa haikuundwa hivyo. Kazi yake ilikuwa kufungua neno, na nafasi tupu iliyo kushoto na juu yake ilimruhusu mwandishi kuipa mikia kadiri alivyopenda. Zikipangwa saba mfululizo, zinakuwa kama ukumbi ambamo kila mgeni ni mfawidhi mwenye kipaza sauti. Isitoshe, I, J na T hufanana mno katika mwandiko huu, na msomaji hana tena herufi ndogo za kumsaidia kukisia.

Kuzishikanisha herufi hizo ndogo kwa mashine nako kulikuwa na kazi yake. Enzi za herufi za kuchapia zilizomiminwa kwa madini ya risasi, kila herufi ilikaa juu ya kipande chake cha mstatili, na mkia uliotokeza nje yake ulivunjika upesi. Upangaji wa herufi kwa njia ya picha ulipoviondoa vipande hivyo, mbunifu wa fonti Mwingereza Matthew Carter aliunda fonti ya Snell Roundhand katika miaka ya 1960, akifuata mwandiko wa Charles Snell, mmoja wa walimu wale wa khati. Mjerumani Hermann Zapf alifuata na Zapfino mwaka 1998, fonti ambayo herufi moja ina maumbo kadhaa ya kuchagua kulingana na jirani zake. Kwa maoni yangu hakuna fonti nzuri inayoonewa kuliko hii, maana mikia yake hupanda na kushuka mbali, na mtu akibana mistari, maneno hugongana.

Mchapishaji mzoefu basi huweka majina peke yake katika mwandiko huu, tena kwa ukubwa wa kutosha, na kuandika tarehe na kanisa kwa fonti ya kawaida, kwa kuwa nyuzi zile nyembamba hupotea maandishi yakiwa madogo. Haongezi nafasi kati ya herufi, kwani viungo hukatika. Jina kama Ng'ang'a humpa kazi zaidi: alama ile ya juu huitenga g na a, na uzi wa g ukaishia hewani, hivyo yambidi aisogeze a kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka ikutane na g chini ya alama.