Je, wajua? Nani hasa aliyelipia mkusanyiko ulioanzisha British Museum, makumbusho maarufu ya London?

Wengi husema Hans Sloane, tabibu na mtaalamu wa mimea, aliipa Uingereza hazina yake bure. Sivyo. Aliiuza, ila alipanga biashara hiyo ifanyike akiwa tayari kaburini.

Sloane alizaliwa Ireland mwaka 1660. Mwaka 1687 alikwenda Jamaika akiwa daktari wa gavana, akarudi na mimea mikavu ipatayo 800. Baadaye alipata fedha kwa kuwatibu wakubwa wa London, na pia kutoka mashamba ya miwa ya Jamaika aliyokuja nayo mkewe, yaliyolimwa na watumwa. Alipofariki Januari 1753 aliacha vitu zaidi ya 71,000, kuanzia wadudu na makombe ya baharini hadi sarafu na vitabu.

Wosia wake ulitaka taifa livichukue vyote kwa pauni 20,000, walipwe binti zake wawili. Taifa likikataa, zamu ingekuwa ya akademia za nje, zikiwemo za St Petersburg na Paris. Alidai bei hiyo haifiki robo ya thamani halisi. Huenda ni kweli, lakini hayo ni makadirio ya muuzaji, na hakuna mnada uliowahi kuyapima.

Bunge lilikubali, kisha likazitafuta fedha kwa bahati nasibu. Fikiria chungu ambacho kila mtu anatia kikombe kimoja cha maji: theluthi mbili wanagawiwa wachache wenye bahati, theluthi moja inabaki kwa mwenye chungu. Tiketi zilikuwa 100,000, kila moja pauni 3, jumla pauni 300,000. Zawadi zilichukua 200,000. Baada ya gharama zilisalia kama pauni 95,000, zilizotosha kuwalipa warithi wa Sloane, kununua hati za kale za familia ya Harley na kupata jengo, Montagu House. Kwa hiyo waliolipa hasa ni wacheza kamari, wengi wao wakiwa wameliwa. Msimamizi mmoja, Peter Leheup, alijilimbikizia tiketi na kuziuza kwa faida. Akatozwa faini ya pauni 1,000.

Milango ilifunguliwa tarehe 15 Januari 1759. Kiingilio kilikuwa bure, ingawa mgeni alilazimika kwanza kuomba tiketi kwa maandishi. Anayetaka kuiona mimea ya Jamaika leo asiitafute huko: imo katika majalada 265 ya mimea ya Sloane, yanayotunzwa na makumbusho ya historia ya asili, South Kensington.