Kabla hujasema mfumo umekataa

Tangu vyama vya ushirika, zahanati na shule za hapa Dodoma zianze kuleta taarifa kupitia mfumo wa kuunganisha data badala ya faili za Excel kwenye flashi, dawati letu linapokea lalamiko lilelile: "Mfumo wenu umekataa." Mara nyingi haujakataa. Haujafika kwenye kanzidata yenu, yaani hifadhi ya data, kabisa.

Programu za kanzidata kama PostgreSQL, na MySQL iliyosakinishwa kwenye Ubuntu, kwa kawaida husikiliza maombi ya ndani ya seva yenyewe tu. Mtaalamu wenu wa TEHAMA aruhusu maombi ya nje, kisha afungue poti (mlango wa mtandao) kwenye fayawoli, kizuizi cha maombi ya nje, 3306 kwa MySQL au 5432 kwa PostgreSQL, kwa anwani ya IP tuliyowapa. Kwa anwani hiyo moja tu. Wapo wanaofungulia dunia nzima kwa sababu "imekubali haraka". Tunawaomba wafunge leo.

Utaratibu wetu ni huu. Barua isainiwe na mkuu wa taasisi, itaje majedwali na safu zinazohitajika, pamoja na jina la afisa anayehusika. Ifunguliwe akaunti mpya yenye ruhusa ya SELECT, yaani kusoma tu, kwenye majedwali hayo peke yake. Nywila ije kwa njia tofauti na ile iliyoleta jina la akaunti, na mawasiliano yafungwe kwa TLS, yaani usimbaji unaozuia wengine kuyasoma njiani. Tukishajaribu upande wetu, tunawaandikia. Hatujawahi kuomba akaunti ya root, ile ya msimamizi mkuu, lakini bado inatumwa kwa WhatsApp, ikiwa na uwezo wa kufuta kila kitu mlichonacho. Hofu kwamba akaunti ya kusoma tu "haitatosha" haina msingi: kazi yetu ni kusoma.

Jedwali lenye jina, simu na namba ya NIDA ya mkulima ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inataka wakusanyaji na wachakataji wasajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayefichua taarifa hizo kinyume cha sheria anakabiliwa na faini ya kuanzia shilingi 100,000 hadi 20,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini ni kuanzia 1,000,000 hadi bilioni 5. Ndiyo maana tunasisitiza safu zitajwe: kama ripoti inahitaji kilo za zabibu kwa kata, namba ya simu ya mkulima ibaki kwenu.

Lipo na suala la rekodi zilizofutwa. Mfumo ukichukua mabadiliko kwa kuangalia safu ya tarehe ya marekebisho, safu mlalo iliyofutwa hauioni, kwa kuwa haipo tena. Chama kimoja kilishtuka kuona wanachama waliokwisha kuondoka bado wanahesabiwa kwenye ripoti. Ama msifute, muweke alama ya "ameondoka", ama mturuhusu kusoma kumbukumbu za mabadiliko za kanzidata, yaani binlog kwa MySQL au WAL kwa PostgreSQL. Chaguo hilo liandikwe kwenye barua mapema, kwani kubadilisha njia baadaye hutulazimu kusoma majedwali yote upya, kazi tunayoifanya baada ya saa nne usiku, watumiaji wenu wakiwa wamelala.