Je, wajua kwa nini mitaa maskini kuliko yote England iko ufuoni mwa bahari?

Mgeni anayefika Bukavu na kuuliza wanakoishi wenye fedha huelekezwa Muhumba au Nguba, kwenye rasi zinazoingia ziwani, ilhali wenye kipato kidogo wamebanana mlimani Kadutu. Goma nako viwanja vya Himbi vinavyogusa maji si vya mshahara wa mwalimu. Ndiyo maana mtu wa Kivu huona ajabu akisikia kwamba Jaywick, kijiji cha ufuoni katika wilaya ya Tendring, mashariki mwa England, kilitajwa kuwa mtaa maskini kuliko yote katika orodha rasmi za serikali zinazopanga mitaa ya England kwa umaskini, za mwaka 2010, 2015 na 2019. Katika orodha hiyo ya 2019, mitaa minane kati ya kumi ya mwanzo ilikuwa ya mji mmoja tu, Blackpool, nao uko pwani.

Dhana ya kwamba maji huleta mali hutegemea mambo matatu: samaki, bandari na watalii. Yote matatu yanahitaji kuangaliwa upya. Grimsby iliwahi kuwa miongoni mwa bandari kubwa za uvuvi duniani, lakini Iceland ilipopanua mipaka yake ya bahari hadi maili 200 na Uingereza ikakubali kushindwa katika mgogoro huo mwaka 1976, meli zilizokuwa zikivua mbali zilipoteza maji yao. Bandari nazo bado zina kazi nyingi, ila si kazi za watu wengi: Felixstowe hupokea makontena mengi kuliko bandari nyingine yoyote ya Uingereza, na winchi moja hushusha mzigo ambao zamani ungehitaji kundi zima la mahamali, kisha mzigo huo hupakiwa kwenye lori au treni na kupita zake. Blackpool ilijengwa na reli iliyofika mwaka 1846 na wafanyakazi wa viwanda vya pamba waliokuja kupumzika kwa wiki nzima. Safari za ndege za bei nafuu za kwenda Hispania ziliwaondoa wengi wao. Watalii waliobaki huja zaidi miezi ya joto, na mhudumu wa hoteli ambaye ana kazi miezi michache kwa mwaka hawezi kukopa, kupanga wala kudai nyongeza.

Hata hivyo, kiini cha tatizo ni nafasi ya mji wenyewe. Chukua maduka mawili ya Bukavu: moja liko karibu na soko la Kadutu, ambako wanunuzi hushuka na kupanda kutoka kila upande, jingine liko mwisho wa barabara ya La Botte, ambako hatua inayofuata ni maji. Hata bidhaa zikiwa zilezile na mwenye duka akiwa na bidii ileile, la pili lina nusu ya majirani. Mji wa mwisho wa reli ni duka hilo la pili: kiwanda kikifungwa, mfanyakazi hutafuta kazi upande mmoja tu, na mwajiri, akijua hivyo, hana sababu ya kupandisha mshahara. Ziwa Kivu lina tofauti kubwa hapa, kwa kuwa boti za Goma na Bukavu hulifanya kuwa barabara, na ng'ambo ya maji kuna soko. Mbele ya Jaywick hakuna gati la kuvusha mtu wala gunia.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba sehemu ya umaskini huo huhamia kutoka kwingine. Nyumba za wageni zilizobaki tupu ziligawanywa kuwa vyumba vya kupanga, na kwa kuwa serikali huwasaidia wasio na kipato kulipa pango, mwenye nyumba alipata uhakika wa malipo bila kukarabati. Wenye shida walifuata vyumba vya bei rahisi wakati vijana wenye elimu wakiondoka. Kwa hiyo familia ileile haikuwa lazima izidi kudidimia. Mara nyingi ni wakazi waliobadilika.

Si kila mji wa pwani uko hivyo: Brighton, iliyo takriban saa moja kwa treni kutoka London, ina hali tofauti. Pia takwimu huficha mengi. Chris Whitty, mganga mkuu wa serikali ya England, alieleza katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba hesabu za ngazi ya wilaya huchanganya ufuo maskini na maeneo tajiri yaliyo nyuma yake.

Kuhusu ufufuaji wa miji hii, naona ushahidi unaelekeza kwenye usafiri na makazi kabla ya mapambo ya ufuoni. Margate, mji mwingine wa pwani, ilipata treni ya kasi ya London mwaka 2009 na jumba la sanaa la Turner Contemporary mwaka 2011. Wageni waliongezeka na maduka yakafunguka, lakini pango nalo lilipanda, na ni vigumu kusema wapangaji wa zamani walifaidika kiasi gani. Blackpool ilichukua njia nyingine: halmashauri iliunda kampuni yake ya kununua zile nyumba za wageni zilizochakaa, kuzikarabati na kuzipangisha kwa masharti bora. Njia hiyo huenda polepole, nyumba baada ya nyumba, lakini inashughulikia biashara ileile ya vyumba iliyoanza kuvuta umaskini mjini.