Je, Wajua? Kwa Nini Mzee Ajidunge Dawa kwa Ajili ya Medali Isiyo na Pesa

Julai 2018, katika mashindano ya taifa ya wakongwe huko Pennsylvania, Marekani, babu mmoja wa miaka 90 alipanda baiskeli, akauzunguka uwanja na kuweka rekodi ya dunia ya watu wa rika lake. Aliposhuka akaitwa kutoa mkojo wa kupimwa. Ukakutwa na mabaki ya trenboloni, homoni ambayo wafugaji wa Marekani huipachika chini ya ngozi ya sikio la ng'ombe ili anenepe upesi kabla ya kuchinjwa.

Tarehe 10 Julai babu alikuwa amepimwa na akaonekana safi. Tarehe 11 mambo yakabadilika. Katikati palikuwa na mlo wa jioni: maini. USADA, shirika la Marekani linalopambana na dawa zilizokatazwa michezoni, lilikubali kwamba yaelekea maini ndiyo yaliyomponza, likampa onyo tu. Rekodi lakini akanyang'anywa. Habari ilipotangazwa Januari 2019 watu walicheka mpaka basi.

Mimi maini hayakunishangaza sana. Kilichonishangaza ni kwamba kuna mtu alitumwa na chupa kwenda kumpima babu wa miaka 90. Vipimo vya maabara ni ghali, na hakuna anayevitupa hovyo. Ukiona wakongwe wanapimwa, ujue kuna waliokwisha kukamatwa ambao hawakula maini.

Katika baiskeli ukongwe huanza mapema, kwenye miaka 35, kisha watu hupangwa kwa marika ya miaka mitano mitano. Hawa ni watu wa ridhaa: wakili, daktari wa meno, fundi bomba, mwenye duka. Machi 2015 tume huru iliyoundwa na chama cha baiskeli duniani, UCI, ilitoa ripoti kuhusu dawa katika mchezo huo. Wengi waliisoma wakitafuta majina makubwa ya kulipwa, kumbe ndani yake mlikuwa na kurasa za kushangaza zaidi juu ya watu wa ridhaa. Tume iliambiwa kuhusu wafanyabiashara wa umri wa kati wanaoshinda mbio za wakongwe kwa EPO, dawa ya kudunga inayoongeza chembe nyekundu za damu. Iliambiwa pia kwamba baadhi ya waendeshaji wa kulipwa wameacha kushiriki gran fondo, zile mbio ndefu za halaiki zilizoanzia Italia, kwa kuwa huko kasi imezidi na dawa zimejaa. Mtu anayelipwa mshahara wa kuendesha baiskeli anamkimbia daktari wa meno!

Wakati huo haikuwa siri tena. Mwaka 2012 mbio za gran fondo za New York ziliamua kupima washiriki wake, na wawili wakakutwa na EPO, wote wakiwa wamevuka miaka 40. Ukipitia orodha ya adhabu ambayo USADA huichapisha, utakutana na waendesha baiskeli wa miaka 50 na hata 60 na zaidi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili linakataa kuingia akilini. Tumezoea kusikia habari za dawa za kusisimua misuli kwa wanariadha wa Kenya, na pale sababu haihitaji kuulizwa: ushindi mmoja wa marathoni ughaibuni unaweza kununua shamba na kusomesha ukoo. Ni kosa, lakini ni kosa lenye hesabu. Huyu mzee wa Marekani au Italia anashindania nini? Medali, fulana, picha ya jukwaani. Baiskeli yake peke yake ina thamani kuliko zawadi zote za siku hiyo, na dawa anainunua kwa pesa yake.

Tuanze na mwili wenyewe. Baada ya miaka 30 hivi uwezo wa mwili kutumia oksijeni hushuka kama asilimia 10 kila muongo kwa mtu asiyefanya mazoezi, na karibu nusu ya hapo kwa anayejituma. Moyo nao haupigi tena kwa kasi ya ujana, ufanye usifanye. Testosteroni, homoni inayojenga misuli, hupungua kidogo kidogo, kiasi cha asilimia 1 kwa mwaka. Sisi wengine tunagundua haya siku kijana mwenye baiskeli ya kubebea mkaa anapotupita kwenye mlima, tunacheka, yanaisha. Mwendesha baiskeli wa siku hizi hana bahati hiyo. Ana kifaa kwenye pedali kinachompimia nguvu kwa wati, na simu inayotunza muda wake wa mlima ule ule tangu miaka 10 iliyopita. Uzee wake umeandikwa kwa namba na anausoma kila Jumapili.

Sasa mtu huyu akiingia kliniki, anakuta dawa ya kila alichokisoma. Marekani kuna biashara kubwa ya kliniki za wanaume, na matangazo yake huuliza maswali ambayo kila mwenye miaka 50 angeyajibu ndiyo: Unachoka? Usingizi haukutoshi? Tumbo linaongezeka? Basi huenda testosteroni yako iko chini. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, FDA, iliamuru vifungashio viseme wazi kwamba dawa hizi zimeidhinishwa kwa wenye ugonjwa maalumu unaopunguza homoni, na kwamba uzee peke yake hautoshi. Lakini cheti cha daktari bado kinaandikika.

Hapa ndipo naona fundo lenyewe lilipo. Kijana anayejidunga anajua anaongeza kitu ambacho hakuwa nacho. Mzee anahisi anarudishiwa chake. Dawa ameipata kwa daktari mwenye koti jeupe, ameilipia, ina jina lake kwenye kopo, na inamrejesha alipokuwa akiwa na miaka 35. Umwambie ni mwizi, atakuangalia kama umemtukana.

Na kusema haki, kuna ambao kweli si wezi. Fungua kabati la dawa la mtu wa miaka 60. Insulini ya kisukari imekatazwa michezoni. Vidonge vya shinikizo la damu vinavyokojoza vimekatazwa, kwa sababu mkojo mwingi huficha dawa nyingine. DHEA, homoni inayopungua na umri, inauzwa Marekani dukani pamoja na vitamini, lakini mwanamichezo haruhusiwi kuigusa. Mgonjwa halali anaweza kuomba kibali cha matibabu, na wengi hupewa. Kibali cha testosteroni ndicho kigumu: ugonjwa wa korodani au wa tezi ya ubongo unakubalika, lakini kushuka kwa homoni kwa sababu ya miaka hakukubaliki.

EPO haina utata wa namna hiyo. Ni homoni ya figo inayouambia uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Ya kutengenezwa iliidhinishwa Marekani mwaka 1989 kuwasaidia wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Mwenye figo nzima akijidunga, chembe zinazidi, oksijeni inafika kwenye misuli kwa wingi, na mlima unakuwa kama tambarare. Bei yake ni damu kuwa nzito. Kwa kijana hilo ni hatari. Kwa mtu wa miaka 55, ambaye mishipa ya moyo inaweza kuwa imeanza kuziba bila yeye kujua, kisha akatoka jasho kwa muda wa saa tano juani, ni kucheza kamari na kiharusi. Testosteroni nayo si maji. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye upungufu wa homoni na matatizo au hatari ya ugonjwa wa moyo, haukuona ongezeko la mshtuko wa moyo kwa waliotumia, ila uliona zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni. Isitoshe, korodani zikiona homoni inatoka nje, huacha kazi.

Maabara hujuaje testosteroni ipi ni ya mwili na ipi ya kopo? Kwanza huilinganisha na homoni dada iitwayo epitestosteroni. Uwiano ukizidi 4 kwa 1, mtu anatiliwa shaka. Kisha huitazama kaboni. Testosteroni ya kiwandani hutokana na mimea, hasa soya, na kaboni ya mimea hiyo ina saini yake, tofauti kidogo na ya mtu anayekula mchanganyiko wa vyakula. Yaani mkojo unasema kama homoni yako ilitoka kwako au shambani. Tatizo ni kwamba chupa ya mkojo haifiki kwenye kila mbio za kijijini, na wenye kudanganya wanalijua hilo.

Wengine hata mwili wameuacha kando. Julai 2017, karibu na Brescia, Italia, mtu wa miaka 53 alinaswa na kamera ya joto: fremu ya baiskeli yake ilikuwa inawaka mahali pasipotakiwa kuwaka. Mlikuwa na mota. Miezi michache baadaye Mfaransa wa miaka 43 akakamatwa na mota yake kwenye mbio za mkoani, akajitetea kwamba mgongo ulikuwa unamsumbua. Mahakama ikampa saa 60 za kazi za jamii. Ni hoja ile ile: mwili umenisaliti, nami nafidia.

Na je, inasaidia? Mmarekani Bryan Fogel, mtengeneza filamu na mwendesha baiskeli wa ridhaa, alijijaribia mwenyewe kwenye Haute Route, mbio za siku kadhaa milimani Ufaransa. Mwaka 2014, akiwa safi, alimaliza wa 14. Mwaka 2015 alirudi na dawa zake zote mwilini, gia za umeme za baiskeli zikamgomea njiani, akamaliza wa 27.

Kwa upande wa sheria, mambo yamelegezwa kidogo. Tangu 2021 kanuni za dunia zinamtambua mwanamichezo wa burudani: adhabu yake inaweza kuwa nyepesi, na si lazima jina lake litangazwe. USADA nayo ina kibali maalumu kwa washiriki wa kawaida wanaotumia dawa kwa matibabu. Kibali hicho hakipewi anayegombea ngazi ya taifa. Kwa hiyo mzee anaweza kupata karatasi ya kumruhusu kuendesha, ili mradi asiwe na ubingwa wa taifa wa kugombea.